Makofi Kwenye Posa ya Jeanne

Bibi Maximilla aliisikiliza video ya posa ya mjukuu wake mpaka mwisho, kisha akageuza uso ukutani. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na nyonga iliyovunjika ilikuwa imemzuia kutoka Mabamba kwenda Kasulu siku wageni walipokuja kumposa Jeanne.

"Mmeniletea kwaya," alisema. "Maneno yako wapi? Mimi ndiye niliyemlea huyu mtoto. Sitabariki maneno nisiyoyasikia."

Emile alimwona dada yake akiinamisha kichwa. Ndoa ilikuwa imekwisha kutangazwa kanisani na gauni lilikuwa kwa fundi, lakini Jeanne alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba hataolewa bila neno la bibi yake. Na Jeanne akishasema, hata baba yao habishani naye.

Video ile ilikuwa kazi ya Fidele, mwenye studio karibu na soko la Kasulu. Aliihariri kama anavyohariri zote: hotuba nje, muziki ndani, mioyo myekundu ikipepea juu ya vichwa vya watu. Emile hakumlaumu, kwa kuwa wateja ndivyo wanavyotaka. Alimwomba tu picha ghafi, akaenda nazo nyumbani kwenye kompyuta ya mezani ambayo baba yake aliinunua mtumba wakati yeye yuko chuoni.

"Weka ile programu kubwa, mwanangu," Fidele alimshauri. "Wanayotumia mabingwa wa Dar. Ina kila kitu."

Programu kubwa ilijikongoja kufunguka, na kabla picha ya kwanza haijatokea, kompyuta ikaganda. Emile akajaribu nyingine, yenye maua na mioyo. Hiyo ilifanya kazi vizuri, ila ilikuwa ya majaribio tu, na kazi ilipotoka, jina la programu lilikuwa limegongwa kama mhuri katikati ya uso wa Jeanne.

"Sasa tatizo nini?" Fidele alicheka alipopita kuangalia. "Bibi haoni. Peleka hivyo hivyo."

"Haoni, ndiyo. Kwa hiyo nimdanganye?"

"Aisee, chuo kilikuharibu wewe."

Fidele alipoondoka, Emile alizima kila kitu. Mpaka hapo alikuwa akiuliza programu ipi ina mengi. Hakuwa amejiuliza Bibi anataka nini. Bibi alitaka sauti. Na sauti ya Mzee Ndihokubwayo, msemaji wa ukoo wao, haikusikika kwenye kamera. Upepo ulikuwa umepiga turubai siku nzima. Lakini mzee yule hupenda kujisikiliza baadaye, na siku ile alikuwa amewasha simu yake irekodi ndani ya mfuko wa koti.

Basi Emile akatafuta programu ya bure, isiyogonga mhuri, nyepesi kwa kompyuta yao kuukuu, inayoweza kutenganisha sauti na picha. Akaipata. Ilikuwa na sura mbaya, haina hata moyo mmoja, lakini ilichora kila sauti kama safu ya milima.

Akaichukua sauti ya simu, aliyoiomba kwa mzee, akaiweka chini ya picha za kamera. Haikukaa. Mzee alifumba mdomo huku maneno yakiendelea kutoka. Emile akaisogeza mbele, akairudisha nyuma, mpaka akaanza kuona kama Fidele alikuwa sahihi.

Ndipo akayaona makofi. Kwenye posa za kwao, msemaji akimaliza hoja, wenyeji na wageni hupiga makofi kwa pamoja. Fidele alikuwa ameyakata yote kama kelele. Kumbe kwenye safu zote mbili, ya simu na ya kamera, kila kofi lilisimama kama kilele. Emile akavuta kilele kimoja mpaka kikakaa chini ya mwenzake, na Mzee Ndihokubwayo akaanza kusema kwa mdomo wake mwenyewe.

"Jeanne!" Emile alipiga kelele. "Jeanne, njoo uone!"

Karibu na mwisho palikuwa na kimya kirefu. Mzee alikuwa ameuliza jambo, akageukia upande wa Mabamba, akangoja.

"Kata hapo," Fidele alisema kwenye simu Emile alipomweleza. "Watu watadhani runinga imekufa."

Emile hakukata.

Kule Mabamba, jirani Niyomwungere alileta runinga yake mwenyewe sebuleni kwa Bibi, na watu wakajaa mpaka mlangoni. Wageni kwenye video waliposema wamekuja kutafuta ndama aliyepotelea zizi hili, Bibi aliguna. Makofi ya kwanza yalipolia, mikono yake ikajikuta inapiga pamoja nayo. Wasemaji waliporushiana maneno juu ya chungu cha pombe ya mtama, alicheka hadi akashika nyonga.

"Huyo Ndihokubwayo! Anawatoa jasho!"

Kisha sauti ya mzee ikashuka. "Aliyemlea binti huyu hayupo hapa. Tunamuuliza huko aliko: tumtoe, au tusimtoe?"

Kimya kikaingia. Kwenye runinga turubai lilipepea. Jeanne aliushika mkono wa kaka yake kwa nguvu.

Bibi Maximilla alijiinua akakaa wima.

"Mtoeni," alisema. "Mimi Maximilla nimekubali. Mwana wanje, mwanangu, nenda ukazae, nenda ukacheke. Imana ishimwe, Mungu asifiwe!"

Na papo hapo, kwenye runinga, kutoka Kasulu, ukoo mzima ukampigia makofi.

Jeanne alipiga kigelegele, wanawake mlangoni wakakipokea, na Emile akabaki analia waziwazi bila kujali nani anamwona.

"Wee Emile," Bibi aliita katikati ya kelele. "Irudishe nyuma. Nataka kujibu tena."