Hafanyi Hata Moja

Mama wenzangu mnaoishi na watoto wenye kompyuta, nisikieni kabla simu haijalia.

Kitinda mimba wangu ni mtu wa bima. Watu wakigongana magari, yeye ndiye wa kuwapigia kuwauliza nani kamgonga nani. Ofisi yao iko mji mwingine, mbali. Baba yake alipofariki, aliwaomba wakubwa wake wakamruhusu kufanyia kazi hapa kwangu. Akaweka kompyuta juu ya meza ya kulia, akavaa vidude vya masikioni, basi. Nyumba ikapata sauti ya mtu tena.

Ila sauti nyingine zote zilipigwa marufuku. Nikitwanga, "Mama, niko kwenye kikao!" Nikipiga chafya, kikao. Kikao chenyewe mtu mmoja, na kaptula! Siku nyingine namkuta anacheka na ukuta, nasema moyoni, hawa watu wa bima, na akili wanakatia?

"Omba Mungu, mama," aliniambia. "Nasikia wanataka kuturudisha wote ofisini. Nikiondoka hapa utabaki na nani?"

Nikaomba. Sikujua kwamba adui yuko kinywani mwangu.

Jirani yangu mshonaji, mtaa mzima unamwita Redio. Alimwona mwanangu akianika shuka, akapata taarifa ya habari.

"Jirani, mwanao bado anakaa nyumbani?"

"Hakai. Anafanya kazi."

"Naona! Hebu muulize na zangu atanifulia lini." Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Nilirudi nimevimba, nikamnyang'anya mwanangu beseni. "Kuanzia leo usiguse kitu humu ndani. Sikuzaa mtumishi."

"Lakini mama, shuka ni zangu."

"Hata kama!"

Haikupita wiki, akiwa bafuni, simu yake ikalia. Nikapokea. Mimi simu ikilia sana naona msiba.

"Shikamoo mama," sauti ya kike, laini kama ya kutangaza sabuni. "Mimi ni afisa utumishi, kule ofisini kwa mwanao. Afadhali nimekupata wewe, mama mzazi hadanganyi. Hebu niambie, kijana wetu anafanya kazi nyumbani?"

Akilini nikamwona Redio na pini zake. Kumbe umbea umeshafika mpaka ofisini!

"Mwanangu? Kazi za nyumbani? Thubutu! Hafanyi hata moja!"

"Hata moja, mama?"

"Kijiko hanyanyui. Anaamka, anakuta kila kitu tayari, anakaa kwenye kiti. Mimi ndiye nafanya yote."

"Yote?"

"Yote! Na akijaribu kugusa, namfukuza."

"Ahsante sana, mama. Umetusaidia mno."

Nikaweka simu, kifua mbele. Mtoto akatoka na povu sikioni. "Nani huyo?"

"Wa ofisini kwenu. Usijali, nimekutetea."

Jumatatu wakamtaka ofisini. Akajieleza, akaambiwa mama mzazi ameshasema, kuna shahidi gani tena? Alifunga mabegi huku ananicheka, machozi yamemlenga. "Mama, alisema kazi nyumbani. Hakusema kazi za nyumbani."

Mimi nimeishia shule ya msingi. Hiyo "za" hawakutufundisha kwamba inahamisha mtu.

Nikashindwa kuvumilia, nikamfuata nione hiyo ofisi. Nilikuta ukumbi, watu wamepangwa kama kuku wa mayai, kila mmoja na kizimba chake, vidude masikioni, wanaongea na kompyuta. Mwanangu alikuwa kwenye kikao na dada aliyekaa nyuma yake. Visogo karibu vigusane, nyuso zinatafutana kwenye kioo! Ndiyo hii waliyomtakia mwanangu?

"Mkubwa wenu yuko wapi?" nikamuuliza yule mwenye sauti ya sabuni.

Akanionyesha ukutani. Kichwa kikubwa kwenye skrini, kinahubiri faida za watu kukaa pamoja. Nyuma yake kabati la vyombo. Jogoo akawika.

"Leo bosi anafanya kazi nyumbani," akasema, bila haya.

"Na mama yake mmempigia?"

Mwanangu alikohoa ndani ya shati. Ukumbi mzima ukavua vidude. Mimi nikaonyeshwa mlango, kwa heshima zote.

Sasa natwanga nitakavyo, hakuna wa kuninyamazisha. Redio akiniuliza mwanangu yuko wapi, namjibu, "Yuko kazini," jibu nililokuwa nalitafuta kwa udi na uvumba. Hata yeye hacheki tena. Ananiuliza kama nimekula.

Basi, mama wenzangu, simu ya ofisini ikilia na mtoto yuko bafuni, iacheni ilie. Mkono ukikuwasha sana, pokea, useme, "Yuko kwenye kikao," ukate.