Gari la Mama Likijifunza Kutulia

Gari lilizima langoni kabisa, pua ndani ya gereji na mkia barabarani. Fundi, aliyekuwa amelala chali chini ya lori, alilitambua kwa mlio wa breki zake kabla hajaona hata tairi. Lilikuwa gari la mama yake. Roho yake ikaruka kwa furaha, na furaha yenyewe haikuwa ya heri.

Mama alishuka, akaufunga mlango kwa nguvu.

"Usinicheke. Njoo usukume."

"Nani anacheka, mama?"

"Meno yote hayo yanatafuta nini nje?"

Walilisukuma hadi kivulini, fundi akiwa nyuma, mama akishika usukani kupitia dirishani. Gari lilikuwa zee, rangi yake imepauka kama nguo ya kufanyia kazi. Kwa miezi kadhaa lilikuwa likipata joto linagoma kuwaka, na mama alimwambia mwanawe huyo, na mwanawe alijibu kila mara, "Nitaliangalia wiki hii, mama." Wiki hiyo ikazaa wiki nyingine, na hizo zikazaa zao.

Ndipo kitindamimba alipokuja likizo. Yule wa ofisini, mwenye kucha safi. Alitazama video kwenye simu yake, akanunua sensa ya injini, kile kifaa kidogo kinachoipimia kompyuta ya gari mwendo wa injini, akalala chini uani kwa mama na kuibadilisha asubuhi moja tu kabla ya chai. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyetoka kwa mama bila kusimuliwa. Mwanangu alilala vumbini na shati lake jeupe! Mnamjua alivyo msafi!

Fundi alikuwa akilala vumbini tangu hajaota ndevu, na hakuna aliyewahi kusimulia habari za shati lake. Alisikiliza sifa hizo jikoni kwa mama huku akitafuna polepole, akitabasamu jino pembe. Alikuwa na wivu. Alijua jina lake na hakujisumbua kuupa jingine.

"Sasa linawaka vizuri," mama alisema, akiketi juu ya tairi kuukuu lililolazwa ukutani. "Kuwaka, linawaka mara moja. Lakini nikiinua tu mguu kwenye mafuta, puu, linazima. Kila njia panda. Leo nimepigiwa honi mpaka nikaona haya."

"Umemwambia fundi wako?"

Mama alimtazama, akaamua kutoisikia ile kejeli.

"Alisema likinisumbua tena, Jumamosi anakuja kunichukua. Nikaishi kwake moja kwa moja. Ana chumba, eti hata pazia ameshaweka."

Fundi aliacha kujifuta mikono. "Nawe ukamjibuje?"

"Nilimwambia gari halina neno. Na wewe usije ukamwambia. Ataumia, maskini. Alilifanya kwa moyo wake wote."

Ataumia, maskini. Fundi alijaribu kukumbuka ni lini yeye aliitwa maskini kwa sauti laini kama ile, akakosa.

Alifungua boneti akitaka mambo mawili kwa mpigo. Gari lipone, mama asichukuliwe. Na kosa liwe la mdogo wake, tena liwe kubwa, la kuonekana kwa macho. Kwa hiyo hakuangalia kwingine kokote. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile sensa, kama mke anayepekua mifuko ya koti akijua anachotafuta.

Alimulika kwa tochi. Plagi ilikuwa imekaa sawasawa. Boliti imekazwa inavyotakiwa. Waya umefungwa kwa ustadi, mbali na bomba la moto, na ncha ya mkanda wa plastiki ulioufunga imekatwa ili isimkwaruze mtu. Fundi mwenyewe asingekumbuka kuikata ile ncha, na jambo hilo lilimchoma zaidi kuliko kama angekuta uharibifu. Akaifungua hata hivyo. Akairudisha ile ya zamani, ambayo mama alikuwa ameihifadhi kwenye kidroo cha gari, imeviringishwa kitambaani. Akawasha. Gari likanguruma, likatetemeka, likazima vile vile.

"Si sensa," alisema, kwa shingo upande.

"Nilijua," mama akasema haraka.

Alipomaliza kuirudisha mpya alikuwa analoa jasho na hasira. "Hebu niambie. Kabla hajafungua chochote, alianza na nini?"

"Alichomoa betri. Video ilisema usalama kwanza. Nikamwambia kaka yako huwa hachomoi, akacheka tu."

"Sisi tumezoea," fundi alianza, na hapo hapo spana ikatulia mkononi mwake.

Alikuwa ameelewa, na alitamani asingeelewa. Hewa huingia kwenye injini kwa kupitia kimlango kidogo, na kimlango hicho hushika uchafu. Uchafu ukizidi, kompyuta ya gari hukifungua kimlango zaidi kidogo, na kesho kidogo tena, ili injini isikose pumzi, na dereva hajui lolote. Ukichomoa betri, yale yote iliyojifunza yanafutika. Inaanza upya ikidhani kimlango ni kisafi, inakiacha kimefunga kama kipya, na injini inakabwa mara tu mguu unapoinuka.

Alifungua mpira unaopeleka hewa kwenye kimlango hicho, akamulika ndani. Kulikuwa na masizi mazito, meusi, ya mafuta, kama ya chini ya sufuria. Hayakuwa ya mwezi mmoja. Kukisafisha kimlango hicho kulikuwa kazi yake kila gari lilipoletwa kubadilishwa oili, na kila mara alimwaga oili, akatia oili, akafuta mikono, akamgeukia mteja aliyekuwa anaangalia saa. Gari lilikuwa likimfunikia. Alichofanya kitindamimba ni kulisahaulisha gari kumsitiri kaka yake.

"Umeliona kosa?" mama aliuliza kutoka kwenye tairi.

"Bado naangalia."

Kutoka pale mama asingeweza kuona chochote. Ingetosha kusema, "Alichomoa betri, akalivuruga." Nusu yake ilikuwa kweli. Neno lilikaa kwenye ncha ya ulimi wake, tamu, na alilinyonya kwa muda wote alipokuwa akipulizia dawa na kusugua kwa kitambaa, mpaka kimlango kikang'aa.

"Panda, mama. Washa, usikanyage kitu. Usiguse redio, wala taa, wala feni. Tukae tu."

Alipanda upande wa pili, akaketi naye. Kwenye dashibodi, mshale wa kasi ya injini ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Tunangoja nini?"

"Linajifunza kutulia."

"Na uzee huu?" Mama alicheka. Fundi hakucheka.

"Kwa nini hukunisubiri mimi? Ukamwachia yeye?"

Mama aliendelea kutazama mbele. "Nilikusubiri. Pale, juu ya tairi lile. Kila nikija, 'Mama keti kidogo, huyu ana haraka.' Naketi. Akitoka huyo anaingia mwingine mwenye haraka. Sina kinyongo nawe, watu wanahitaji magari yao. Ila mdogo wako asubuhi ile hakuwa na mtu mwingine wa kumtengenezea gari. Nilikuwa mimi tu." Akaupapasa usukani kwa kidole gumba. "Nilifurahi, mwanangu. Basi."

Fundi aliugeukia ule mshale. Simu ya mama ikaita juu ya dashibodi.

"Ni yeye," mama alinong'ona, kana kwamba simu ingemsikia. "Nimwambie nini?"

Fundi aliichukua yeye.

"Kaka?" Sauti ya kitindamimba ilishtuka. "Shikamoo. Mama yuko wapi? Gari limezima, sivyo? Ni ile sensa niliyofunga?"

Pale ndipo penyewe. "Ndiyo" moja tu ilitosha. Mama alikuwa anasoma bango la bei ya oili ukutani kama mtu aliyeletewa barua.

"Sensa haina kosa," fundi alisema. "Umeifunga vizuri."

"Kwa hiyo kosa la nani?"

"Langu."

Mdogo wake akauliza, taratibu, "Basi Jumamosi nisije?"

Fundi alifungua kinywa, lakini mama alikuwa ameshanyoosha mkono. Akampa simu, akashuka, akajifanya ana kazi mbele ya gari. Alifunga boneti. Akasimama pale na kitambaa chake, akamwona mama kupitia kioo: anasikiliza, anacheka, anajifuta pembe ya jicho kwa kifundo cha kidole, anatikisa kichwa kukubali. Kukubali nini? Injini ilinguruma sawasawa, bila kukwama, bila kupumua vibaya hata mara moja, ikalifunika kila neno, naye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitamani gari lizime, apate kusikia.