Pumba za Atuganile

Atuganile alidanganya, tena alidanganya kwa raha. Msimlaumu upesi! Mwaka ule wa 2001 maduka ya Kyela mjini yalifurika ndoo za plastiki na sufuria za bei chee, na vyungu alivyopeleka sokoni Matema kila Jumamosi vilikuwa vinarudi kijijini kwake Ikombe vilevile. Kitu pekee alichobaki nacho ni mchanganyiko wake, udongo usiopasuka motoni. Halafu anatokea Dokta Ambrose, mhadhiri wa kemia, kamera begani, anauliza kavukavu: "Mama, unachanganya nini kwenye udongo?" Hata kibakuli hakununua.

"Majivu ya pumba za mpunga," akajibu Atuganile bila kupepesa macho. Mgeni alipoondoka, alicheka mpaka akakaa chini. Ukweli ni vigae, vyungu vilivyovunjika vikatwangwa na kuchekechwa. Siri hiyo alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu, bintiye Tusajigwe.

Sasa sikieni. Tusajigwe akafaulu, akaenda chuo kikuu kusomea kemia. Maabara ya chuo haikuwa na dawa wala vifaa, basi Dokta Ambrose akaweka masomo kwenye intaneti: picha zinazotembea, sauti, michoro ya rangi, maswali ya kubofya. Siku moja darasani, nani anatokea kwenye kioo cha kompyuta? Mama mtu, anatamka uongo wake waziwazi, na chini yake michoro inaeleza jinsi majivu yanavyoushika udongo!

"Dokta, hizo ni pumba!" msichana akaropoka. "Yule ni mama yangu, anatumia vigae."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Dokta alisikia tusi tu. "Kama ni mama yako," akasema, "msikilize."

Kwenye ripoti Tusajigwe akaandika vigae. Akapewa sifuri kwa kubuni matokeo. Alikuwa na sapu mbili tayari, yaani mitihani ya kurudia, na sifuri ile ikamaliza kazi: akadisko, kama wanachuo wanavyosema mtu akifukuzwa kwa kufeli. Akarudi Ikombe na sanduku lake.

"Si ungeandika majivu tu, mwanangu?" Atuganile akamlilia.

"Vigae ulinifundisha wewe, mama."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wapi! Ya Atuganile ilitoka Ikombe ikafika chuo kikuu. Moyo ulimuuma, akaona aibu hata kula. Asubuhi akaondoka kwenda Kyela mjini, kwenye duka la intaneti la Yasini.

"Mwanangu Yasini, niandikie barua pepe kwa dokta. Andika: mimi Atuganile nilidanganya. Mtoto ndiye mkweli. Mrudisheni." Alisema hayo mbele ya wateja, machozi yakimtoka, wala hakujali. "Ndaga fijo, baba," akamshukuru kwa Kinyakyusa.

Alirudi baada ya wiki. Yasini alikuwa ameshapata jibu, akamsomea polepole:

"Barua tumeipata. Haina uthibitisho wowote. Somo hilo limetolewa na mfinyanzi mzoefu, na chuo hakiwezi kumkana mtaalamu kwa maneno ya mtu tusiyemjua."

"Mtaalamu gani tena huyo?" akafoka Atuganile. "Nipeni jina lake nikamwone!"

Yasini akabofya, akasubiri picha ifunguke, kisha akamgeuzia kioo.

"Ni wewe, mama."