Maji Yaliyokataa Kundi

Maabarani walimwita Kizibo, kwa sababu alikaza vifuniko vya chupa za maji ya bahari hadi wenzake wakavifungua kwa koleo. Kazi yake ilikuwa kuyachota maji hayo kwa meli na kupima chumvi yake, na hakuwa mtu wa kulipua kazi. Ndiyo maana asubuhi ile, nukta kadhaa za mchoro wake zilipogoma kukaa kwenye mstari, alizikagua moja moja.

Mchoro ulikuwa kwenye skrini, kila chupa nukta moja, chumvi upande huu na joto upande ule. Wewe na mimi tukitazama bahari tunaona maji, basi. Kumbe maji yaliyozama penye baridi na yaliyozama penye jua kali hubaki na tabia za kwao hata yakisafiri miaka, kama mtu anavyohama na lafudhi yake. Ukijua joto na chumvi utajua uzito, na ukijua uzito utajua maji gani yanalala juu na yapi chini. Mkuu wa maabara, mama mmoja waliyemwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote pale, ndiye aliyeyapanga maji ya eneo lile katika makundi, na kitabu chake kilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Kitabu kilisema kwamba maji ya katikati ni mchanganyiko tu wa yale ya juu na yale ya chini, hivyo nukta zake hukaa kwenye mstari unaoyaunganisha hayo mawili. Nukta za Kizibo zilikataa. Zilikuwa na chumvi pungufu kuliko mchanganyiko wowote.

Fundi wa vyombo hakuwa na simile. Alisema chupa zilioshwa kwa maji ya bomba, zikajazwa bila kusuuzwa kwanza kwa maji ya bahari yenyewe, na yaliyobaki ndani yakazimua chumvi. Akataka chupa zote za safari ile zimwagwe. Kizibo alielewa maana yake: safari ijayo meli ingeng'oa nanga bila yeye, na jina lake lingebaki nyuma likichafuka.

Alikumbuka kusuuza kila chupa. Lakini siku ya kuchota meli iliyumba, naye alikuwa akitapika tangu alfajiri, na kadiri fundi na Shangazi walivyomkazia macho ndivyo kumbukumbu ilivyomponyoka. Mwishowe akasema huenda kosa ni lake.

"Huenda?" Shangazi akauliza. "Usibebe kosa usilolijua, mwanangu. Kaa hapo."

Shangazi angetaka, angeyameza maneno ya fundi, kitabu kikatoka, naye akaenda zake kunywa chai. Badala yake akavuta kiti na kuomba vipimo vya joto. Hivyo havikupita mkononi mwa mtu. Kipimajoto kilishushwa kikasoma humohumo baharini. Akaanza kukokotoa uzito wa maji ya kila chupa, akinong'ona tarakimu. Kizibo alimtazama na hofu ikaanza kumtoka. Mama wa watu alikuwa akiibomoa kazi yake mwenyewe, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa bibi harusi.

Shangazi akawaita wote wawili. Kama ni maji ya bomba, alieleza, hesabu ingeonyesha maji mepesi yamelala chini ya mazito, na bahari haikubali mpangilio huo. Lakini palepale chumvi ilipopungua, joto nalo lilikuwa limeshuka, na uzito ukakaa sawia kwenye nafasi yake, ukiwa mkubwa kuliko wa juu, mdogo kuliko wa chini.

"Maji ya bomba yatazimua chumvi ya chupani," akamwambia fundi. "Yataipoza na bahari pia?"

Fundi akakuna kichwa. Akamwomba Kizibo radhi, naye si mtu wa kuomba radhi ovyo.

Shangazi akampigia simu mpiga chapa, akaomba mitambo isimame. Upande wa pili walikuja juu, wakauliza nani aliyeandika makosa hayo. "Mimi," akajibu bila kupunguza sauti. Akawaambia kuna maji yenye asili yake ambayo miaka yote aliyaita mchanganyiko, na hatachapa uongo sasa akiwa anaujua.

Kizibo hakuwahi kumheshimu mtu kiasi kile. Kwa woga akauliza kuhusu safari ijayo.

"Utakwenda. Upimaji utauongoza wewe."

"Na wewe, Shangazi?"

"Nitakuja. Nitafanya utakachoniambia."

Kizibo alilia mbele ya fundi, wala hakuona haya.