Zamu ya Kitinda

Tangu kiharusi kilipomwangusha Mzee Chachu mbele ya tanuri lake, sala ya alfajiri nyumbani kwake haikuwa na maneno.

Alikuwa mwokaji mikate, na watu walimpa jina hilo kwa kuwa kila alichokigusa kiliumuka: unga, biashara, hata kwaya ya kanisa iliyokuwa imedorora. Hata hivyo, nyumbani kazi yake kuu haikuwa mikate. Kila siku, kabla ya kwenda kukanda unga, aliwaketisha mkewe na wanawe sebuleni, akasoma Neno, kisha akawataja mbele za Mungu mmoja baada ya mwingine: mama, kaka dereva, dada muuguzi, na mwishoni binti ambaye wote walimwita Kitinda. Hapo sauti yake ilishuka. "Na huyu, Bwana, wa mwisho kwangu si wa mwisho kwako." Kitinda alikua akiamini kwamba siku haijaanza mpaka maneno hayo yasemwe.

Sasa ulimi wa baba ulikuwa umefungwa. Mzee wa kanisa alikuja kushauri, kwa upole, kwamba kaka ashike nafasi ya kuongoza ibada. Mama alimmiminia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kuwa nyumba yake haijafiwa. Basi kila alfajiri Biblia iliwekwa magotini pa baba, wakainamisha vichwa na kufumba macho, kimya kikatanda mpaka mama aseme Amina. Kaka alitania kuwa siku hizi baba anasali kwa kifupi. Zamani mtu aliweza kulala, akaota, akaamka, na Amina bado iko njiani. Mama alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Kitinda peke yake hakufumba macho. Alisimama nyuma ya kiti cha magurudumu, mikono mabegani pa baba, kwa sababu mwili ule uliokuwa ukibeba magunia ya unga ulielemea upande kama ukuta uliolowa. Alikuwa amekijua kisogo cha baba kuliko uso wake. Alijua pia kwamba karibu na Amina shingo ingepinda kuelekea nyuma, ikitetemeka, naye angeishika kwa viganja na kuinyoosha taratibu, kama dada muuguzi alivyomfundisha. "Tulia, baba," angemnong'oneza.

Ndipo ikaja barua ya kazi: ualimu, katika mji wa mbali. Furaha ilimjia nusu nusu. Juma zima alikaa miguuni pa baba akilitamka jina lake mwenyewe polepole, silabi kwa silabi, akimtazama midomo. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Dada alimkuta jikoni akilia juu ya karai la vyombo.

"Nataka anitaje tu," Kitinda alisema. "Mara moja, kabla sijaondoka."

"Mdogo wangu, usimdai mtu asichonacho."

Asubuhi ya safari, begi likiwa tayari mlangoni, kaka alichukua nafasi ya nyuma ya kiti ili ajifunze. Aliuliza usukani uko wapi. Kitinda akaketi mbele, kwenye mkeka kando ya mama, mahali ambapo hakuwa ameketi tangu baba augue. Wenzake walifumba macho. Yeye alishindwa, alitaka kumtazama baba mpaka kiu iishe.

Ndipo alipoona. Macho ya baba yalikuwa yametua juu ya mama, nayo yalikaa hapo muda mrefu, midomo ikigusana bila sauti. Kisha yakainuka kwa shida yakamtafuta kaka, yakamkosa kwenye kiti chake cha siku zote, yakahangaika, mpaka kaka alipokohoa nyuma yake. Yakatulia kidogo. Yakaenda kwa dada. Yakakaa.

Kisha shingo ikaanza kupinda, ikitetemeka, kuelekea nyuma ya kiti.

Kitinda alielewa. Alfajiri zote zile baba alikuwa ameng'ang'ana kumfikia, na yeye, kwa mikono yake mwenyewe yenye upendo, alikuwa amemgeuza akatazame ukuta wa mbele.

Kaka alifungua macho, akanyoosha mkono kuirekebisha shingo.

"Mwache, kaka," Kitinda alisema. "Ni zamu yangu."

Mama, ambaye hakuwahi kumruhusu mtu kuongea katika sala, hakumkemea. Kitinda aliinuka. Angeweza kumwita baba amtazame palepale mbele, lakini hakutaka kumrudisha njia yote aliyokwisha kuisafiri kwa taabu. Alizunguka kiti, akapiga magoti nyuma yake, akauweka uso wake pale ambapo macho yale yangefika.

Yalifika. Huko barabarani honi ya gari lililokuja kumchukua ilipigwa, ikapigwa tena, na hakuna aliyesema Amina.