Njia ya Maji Chini ya Kioo

Twalibu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata mkewe alishindwa kuuponya: kujisifu. Akikaza nati, lazima mtaa mzima ujue. Mafundi wenzake pale Buyenzi walimwacha abwabwaje, maana mikono yake ilikuwa mizuri kweli, na vita vya mwaka ule wa tisini na tano havikuwaachia watu mengi ya kuchekea.

Asubuhi moja ya Aprili, mvua ilipopumzika kidogo, Libère aliingia gereji na Toyota ya buluu. Nani hakumjua Libère? Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, na chini ya shati bastola. Alikuwa mkubwa wa kikundi cha vijana waliofunga barabara na kuteremsha watu kwenye magari, na walioteremshwa hawakurudi makwao. Mtu kama huyo akikuletea gari humwambii una kazi nyingi. Unamfutia kiti.

"Fundi, gari inaingiza maji," alisema. "Pale mutu anaweka miguu, upande wa abiria. Na inanuka."

"Kitu kidogo, patron!" Twalibu alikwisha fungua boneti, na ugonjwa wake ulikwisha anza. "Hapa chini ya kioo maji ya mvua iko na njia yake. Inashuka mu katundu, inapita mu mupira, inamwangika chini. Ukipaki chini ya miti, majani inaziba. Maji ikikosa pa kupita, inaingia ndani. Watu wanapangusa kioo tu, huku wanasahau! Unasafisha kila mara mbele ya mvua kuanza, basi, gari inazeeka kavu."

Libère alitabasamu, akaketi, akaanza kutafuna karanga.

Twalibu aliinua kapeti. Sifongo ya chini yake ilikuwa nyeusi, imelowa chepechepe, na harufu iliyopanda haikuwa ya maji peke yake.

"Nilibeba nyama ya harusi," alisema Libère.

"Eeh, nyama," alijibu Twalibu, na alitaka sana kuamini.

Akarudi kwenye boneti. Akachota majani yaliyooza kwa vidole, kisha akaingiza waya polepole, maana ukisukuma kwa pupa unachana mpira wa kupitishia maji. Akalala chini ya gari kuangalia mpira wenyewe unaishia wapi. Hapo mdomo ukamponyoka.

"Haa! Huu mupira ni wangu! Nani mwingine anaweza? Hii gari nilishaitengeneza mimi!"

Ewe Twalibu, ungekufa ukinyamaza? Mpira wa asili ukichanika, mafundi wengine hutoboa sakafu tu maji yatoke. Yeye alikuwa amekata mpira wa ndani wa baiskeli, akaibana ncha yake kama mdomo wa bata ili maji yatoke na vumbi lisiingie, na juu akaufunga kwa waya mwekundu wa umeme. Kazi hiyo aliifanya kwenye gari moja tu, taksi ya mdogo wake Atumani, iliyokuwa nyeupe kabla ya kupakwa buluu hii. Na Atumani alipeleka mgonjwa mtaa wa Kamenge wakati wa Ramadhani, hakuonekana tena, yeye wala taksi. Nyumbani walijipa moyo kwamba amevuka mpaka, yuko Uvira.

Mdomo ulikuwa umetangulia, akili ikafika nyuma inahema. Sauti ya karanga ilikuwa imekoma.

"Uliitengeneza?" aliuliza Libère. "Ya nani?"

"Apana, patron. Nimechanganya."

"We si mutu wa kuchanganya. Toka huko chini, tuongee."

Twalibu alitoka. Na kama vile balaa haikutosha, shemeji yake Saliha akaingia na sahani ya bugali na ndagala. Alikuja kila siku na chakula, na kila siku aliuliza swali lile lile.

"Shemeji, habari ya Atumani bado?"

"Atumani ni nani, mama?" aliuliza Libère kwa upole.

"Bwana yangu. Dereva wa taksi. Huyu hapa ni kaka yake, tumbo moja."

Libère alimtazama Twalibu. Mkono wake ulipanda taratibu, ukatulia juu ya shati, pale penye bastola. Saliha alisimama katikati yao, hajui kitu. Twalibu aliona kwamba akisema ukweli watakufa wawili, na akinyamaza pia watakufa wawili.

"Habari iko," alisema. "Atumani ameonekana Uvira. Muzima."

Sahani ikamtoka Saliha mikononi. "Nani amemuona?"

"Mimi," alisema Libère, na mkono ukashuka. "Nilikuwa naambia fundi sasa hivi."

"Usinidanganye, kaka yangu. Alivaa nini?"

"Shati ya kijani, ya maua. Kifungo cha juu kimekatika. Na akicheka, iko kapengo hapa mbele."

Saliha alipiga yowe la furaha. Shati hilo alilifua yeye siku Atumani alipoondoka. Alikimbilia nyumbani, nyuma tu ya gereji, na mara vigelegele vikasikika. Mpaka dakika hiyo Twalibu alikuwa bado anajiambia labda gari liliuzwa tu. Sasa alijua ni nani aliyemwona mdogo wake mara ya mwisho.

"Umeona vile wamefurahi?" Libère alirudia karanga zake. "Ukiwaambia ingine, utakuwa umewaua. Maliza kazi."

Twalibu akamaliza. Akamwaga maji kiooni, yakapita vizuri mpaka chini, ndani pakabaki pakavu. Na hapo mama yake mzazi, Bi Asiya, ambaye tangu Ramadhani hakuvuka kizingiti, akaja ameshikwa mkono na Saliha. Akamwendea Libère moja kwa moja, akabusu mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akulinde. Akuongezee maisha. Mama aliyekuzaa asikukose."

Libère, Mkristo wa kubatizwa, alikinga mikono kupokea dua, macho yake yakiwa kwa fundi juu ya kichwa cha yule kizee.

"Amina," alinong'ona Twalibu.

"Sema kwa nguvu!" mama alimkemea. "Ndugu yako ni muzima, auna furaha?"

Twalibu akainua mikono yake yenye grisi, akasema amina mpaka majirani wakasikia.