Mama na Barabara ya Zabibu

Mama alifika kwetu Lewisham, London, mwezi wa Agosti, na kufikia Oktoba alikuwa ameichoka Uingereza kabisa. Siku nzima aliketi dirishani, mikono mapajani, mwanamke ambaye kule Nyeri jua halimkuti kitandani. Aliniambia nimbadilishie tiketi arudi nyumbani kabla ya baridi. Mimi nilitaka jambo moja tu: aipende nchi hii hata kwa siku moja kabla hajaondoka. Iliniuma, sifichi.

Basi akina mama wa kanisa walipouliza safari ya mwaka iende wapi, nilidakia kabla hawajaitaja tena pwani ya Margate. Twende Kent, nikasema, tufuate barabara ya mashamba ya zabibu. Wengine waliguna: watu waliookoka na mvinyo wapi na wapi? Nikawauliza ni nani kati yao, miaka yote hii ya kuhubiriwa mzabibu na matawi yake, aliyewahi kuuona mzabibu wenyewe. Mmoja akauliza basi litaondoka saa ngapi. Nikajua nimeshinda.

Jumamosi ya safari Harrison, dereva wetu, alitupitisha Bromley na Sevenoaks, na kabla ya Lamberhurst akakata kushoto kuelekea Goudhurst. Nikashika maikrofoni. Niliwaeleza kwamba zamani maskini wa London walikuja huku kila Septemba, familia nzima na sufuria zao, kuchuma hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu. Kwa wengi ndiyo likizo pekee waliyoijua. Nikawaonyesha majengo ya mviringo yenye kofia nyeupe juu ya paa, ambamo hopsi zilikaushwa. Baadaye mashine zikachukua kazi ya mikono, mashamba ya hopsi yakapungua, na sasa vilima vimepandwa mizabibu. Pale Goudhurst, barabara inapojikunja kando ya kanisa, Harrison alilipenyeza basi na sote tukampigia makofi. Isipokuwa Mama, aliyekuwa anasinzia.

Shambani tulipokewa na Minal, msimamizi, mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake hakijapotea. Alitugawia makasi na ndoo, akatupa mstari mmoja wa mizabibu tuvune. Tukaanza kwa nyimbo. Mama alishuka wa mwisho, akachungulia ndoo zetu, uso ukabadilika.

"Wekeni chini," akasema. "Mnavuna mbichi. Mtu amewakaribisha shambani kwake, nanyi mnamharibia?"

Ndivyo alivyo mkulima wa kahawa. Tunda la kijani halichumwi, na ukilipeleka kiwandani utarudishiwa mbele ya majirani. Akatandika leso yake nyasini, akaanza kuchambua vichala vyetu kimoja kimoja, na vyote vikaenda upande wa kukataliwa. Nilitamani ardhi inimeze. Minal hakucheka. Alichuma zabibu moja ya kijani, akampa. Mama aliitia mdomoni kwa shaka, akatafuna. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipompokea uwanja wa ndege.

"Kumbe hii inaiva na rangi yake ya utotoni," akasema.

Lakini Minal alikuwa anatazama leso. Katika kuchambua kwake, Mama alikuwa ametoa kila zabibu iliyooza bila kuharibu kichala, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa imewashinda vibarua wiki nzima ile ya mvua. Akamwomba awe mkaguzi wetu. Wacha bwana! Sisi tulikata, Mama akakagua, na aliyeleta kichala kibovu alirudishiwa na maneno juu. Mstari ulipoisha, yeye ndiye aliyeomba mwingine. Nilimtazama, leso imejaa matope, kitambaa kimeteleza kichwani, nikajisikia kama mtu aliyeshinda kombe.

Njiani kurudi alininyang'anya maikrofoni. Kumbe hakuwa amelala. Alisimulia barabara nzima, hopsi, sufuria na kofia nyeupe, ila historia yangu aliiongeza mwisho.

"Kwanza walipita watu wa London wakaenda kuchuma," akasema. "Halafu tukapita sisi."

Basi zima likapiga vigelegele. Aliporudi kuketi kando yangu alinusa viganja vyake, akaniinamia.

"Shiro, ile tiketi iache kwanza. Minal anasema wanapogoa Januari."